Tisa ya Mratibu

Wananchi wapenda elimu, natangaza kwa moyo mkunjufu kwamba tangu mwezi wa sita mwaka huu kisiwa chetu cha Mafia kimeingia rasmi katika Ushirikiano. Kabla ya hapo watu walikuwa wanasaidiana tu.

Tofauti ni kubwa, na wasioiona ndio hao wanaoturudisha nyuma kila siku. Kusaidiana hakuna kumbukumbu. Mtoto anamwonyesha mwenzake hesabu, mwenzake anaelewa, wanatoka zao kwenda kula mihogo, na ofisi haina habari kama kuna jambo limefanyika. Ushirikiano ni kusaidiana kunakoacha takwimu. Kwa ajili hiyo kiliundwa Kitengo cha Ushirikiano wa Kimtandao Darasani, kwa kifupi KIUKIDA, chenye chumba kimoja Kilindoni, muhuri mmoja, na mratibu mmoja, ambaye ni mimi, Mudrik Luqmani. Umri wangu ni miaka hamsini na tisa. Nautaja mapema kwa sababu umri huo, kama mtakavyoona, una uzito wa kisheria.

Shule ya majaribio ilikuwa Sekondari ya Minazi Pacha, kule Miburani. Darasa lilikuwa Kidato cha Nne, wanafunzi thelathini na mmoja, somo la Hisabati. Tulipeleka vishikwambi kumi, watoto watatu kwa kimoja, na cha mwisho wanne. Ndani ya kila kishikwambi tuliweka Hati Shirikishi, yaani ukurasa mmoja ulioko mtandaoni ambao watu wote huufungua kwa wakati mmoja, wakaandika, wakafuta, wakasahihishana, na kila mtu akaona palepale mwenzake anachofanya. Ukutani tulitundika shuka jeupe lililotolewa na mwalimu mkuu, projekta ikamulika, na Hati ikaonekana na darasa zima.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kutazama matunda ya kazi yangu. Wallahi nilitamani kulia. Watoto walikuwa wameinamiana vichwa, huyu anamwambia huyu "hapo umekosea," yule anacheka, mwingine anachora kwa kidole mezani. Katikati yao alikuwa amesimama Mwalimu Arafa, mwalimu pekee wa Hisabati shuleni pale, mwanamke wa miaka thelathini na miwili mwenye tabia moja mbaya: mtu mkubwa akizungumza, yeye husikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," nikamwambia kwa upole, "hawa wanafanya nini?"

"Wanashirikiana, Mratibu."

"Nimefungua Hati. Ina herufi tatu. Darasa linavuma kama mnada wa samaki, na mfumo umesoma herufi tatu."

"Wanajadili kwanza. Wakishaelewana wataandika jibu."

"Jibu analitaka nani?" nikamuuliza. "Mimi nataka ushiriki."

Kesho yake nikatoa Waraka Namba Moja, uliositisha ushirikiano wa mdomo kwa muda usiojulikana. Tangu siku hiyo, mwanafunzi mwenye neno na mwenzake alipaswa kuliandika kwenye Hati, hata kama mwenzake amembana paja kwa paja kwenye dawati moja. Takwimu zikapanda kama maji ya bamvua. Ninazo kumbukumbu. Saa nne na dakika saba, mwanafunzi aitwaye Aziza aliandika: "Jumanne, naomba uondoe kiwiko chako kwenye mbavu zangu." Saa nne na dakika tisa, Jumanne alijibu: "Ombi limepokelewa, linafanyiwa kazi." Dakika mbili tu, na haya ni mambo ambayo zamani yangepotea bila ofisi kujua.

Ila palipo maendeleo hapakosi wakorofi. Siku ya tatu mwalimu mkuu, Mwalimu Shaabani, aliingia darasani, akaandika tarehe juu ya Hati, na kwa kuwa alitoka usingizini akaandika tarehe ya jana. Msichana mmoja, Sihaba, akaifuta akaweka ya leo. Hakubisha hodi wala kusema shikamoo. Mtoto wa miaka kumi na saba anafuta tarehe ya mtu wa miaka hamsini na saba, mbele ya watu, kwenye shuka la huyohuyo mwenye tarehe.

Huyu Sihaba ni wa Baleni, huja shule kwa baiskeli isiyo na breki. Mamake hulima mwani. Amekuwa wa kwanza kwa Hisabati tangu Kidato cha Pili, na anasema akimaliza atasomea upimaji wa ardhi. Nilimwita nikamuuliza kwa nini alifuta.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini ulifuta?"

"Ilikuwa tarehe ya jana."

"Ilikuwa tarehe ya mkubwa," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu anayetazama fundi aliyefunga kitasa upande wa bawaba. Nikajua hapo kwamba mitambo tumeileta, lakini adabu tumeisahau nyumbani. Nilijifungia ofisini siku mbili, nikatoka na Waraka Namba Mbili: Waraka wa Adabu Mtandaoni. Kifungu cha kwanza: hakuna mtu atakayeandika neno lolote kwenye Hati kabla hajawaamkia wakubwa wake wote waliomo, mmoja mmoja, kwa jina, na kuitikiwa. Kifungu cha pili: mdogo hatafuta, hatapinga wala hatasahihisha maandishi ya mkubwa. Kifungu cha tatu: atakayekiuka atasimamishwa masomo hadi akubaliane na maandishi hayo, na akiwa ni mwalimu, ataondolewa darasani na kupelekwa stoo. Kifungu cha nne, ambacho ni cha upendo, kilisema kwamba mdau yeyote wa elimu anaweza kuombewa kujiunga.

Palizuka suala moja zito. Jumanne, yule wa kiwiko, ana miaka kumi na minane, lakini ni baba mdogo wa Mwalimu Arafa. Babu yake mwalimu alioa mke wa mwisho akiwa amebakiwa na meno ya kuhesabika, na Jumanne ndiye aliyezaliwa. Je, kwenye Hati, nani amwamkie nani? Nililipeleka suala hilo kwenye kikao cha KIUKIDA, nikakaa nalo mchana kutwa peke yangu, na uamuzi ukatoka: ukubwa utahesabiwa kwa umri au kwa ukoo, wowote utakaomnufaisha mhusika. Ikawa kila asubuhi Mwalimu Arafa anaandika, "Shikamoo baba mdogo," na Jumanne anajibu, "Marahaba mwanangu. Kazi ya nyumbani sikuifanya." Na kwa kuwa ni maandishi ya mkubwa, yakabaki hivyohivyo.

Watu wa maneno maneno walilalamika eti salamu zinakula kipindi. Ni kweli zilikula. Wanafunzi thelathini na mmoja, walimu watano na mimi ni watu thelathini na saba, na kila mmoja alikuwa na wakubwa wake wa kuwaamkia na wadogo wa kuwaitikia. Salamu zilianza saa mbili na kumalizika kengele ya mapumziko ikilia. Lakini tazameni takwimu. Kabla ya Waraka, darasa liliandika mistari arobaini kwa siku. Baada ya Waraka, mistari elfu moja na mia tatu. Niambieni ni shule gani nyingine ya Hisabati yenye ushiriki kama huo.

Hisabati yenyewe sikuisahau. Juu kabisa ya Hati, ndani ya mstari wa kijani, niliweka kwa mkono wangu swali la kuwakumbusha watoto mambo ya msingi, lenye mazingira yetu, ili wasijione wanasoma mambo ya ugenini. Nililiita Mfano wa Mratibu. Mama mmoja ana misala mitatu ya kuswalia iliyo sawasawa, na vipande sita vya ukili, zile kanda za miyaa zinazoshonwa kuwa mkeka, vimebaki pembeni. Vipande vyote kwa jumla ni ishirini na moja. Je, kila msala una vipande vingapi? Nikaonyesha na njia: ishirini na moja jumlisha sita ni ishirini na saba, gawa kwa tatu, jibu ni tisa. Nikaweka saini.

Darasa lote likanakili tisa. Isipokuwa mtu mmoja, na ninyi mmeshamjua.

Sihaba aliwaamkia wakubwa wake wote, sitamdhulumu, hakumruka hata mmoja. Kisha akaandika: "Mratibu, kwa heshima zote, ni tano."

Nikamjibu: "Ndani ya heshima zote hakuna tano."

Akaandika: "Sita zimebaki pembeni. Zinatolewa, hazijumlishwi."

Huko ndiko kupinga maandishi ya mkubwa, tena mara mbili. Sikufurahi. Mimi nina watoto, najua uchungu wa kumwona mtoto akikokota baiskeli kurudi nyumbani wiki sita kabla ya mtihani wa taifa. Lakini waraka ukishagongwa muhuri hauna jicho la huruma. Nilimwandikia barua ya kumsimamisha, sharti moja: siku atakayoandika tisa, siku hiyohiyo atarudi darasani.

Wiki ikapita, hakuandika. Ya pili ikapita. Katikati ya wiki ya tatu Mwalimu Arafa akaja ofisini kwangu Kilindoni, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, Mratibu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nimekuja kwa ajili ya Sihaba. Mtihani umebakiza wiki tatu na siku kadhaa."

"Aandike tisa, arudi leo hii. Mlango uko wazi."

"Tisa si kweli."

"Mwalimu, kweli ni jambo la kitaaluma, nanyi walimu mna uhuru nalo. Mimi nazungumzia utaratibu."

"Basi niruhusu mimi niisahihishe."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Unaona mwenyewe."

"Na nikiisahihisha bila ruhusa?"

"Utakwenda stoo, kutunza majembe. Ningesikitika sana."

"Na Kidato cha Nne atawafundisha nani?"

"Hati," nikasema. "Hati haiugui, haina likizo ya uzazi."

Sijui kwa nini macho yake yalijaa maji, kwa maana nilikuwa nimezungumza naye vizuri. Akayafuta kwa ncha ya mtandio, akatoa kwenye mkoba nakala ya Waraka Namba Mbili, imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Mratibu, nataka nielewe vizuri nisije nikakosea. Anayeweza kuisahihisha ile tisa ni mtu aliyekuzidi wewe, kwa umri au kwa ukoo."

"Hasa."

"Na mdau yeyote wa elimu anaweza kuombewa kujiunga."

"Kifungu cha nne. Nilikiandika alfajiri, baada ya swala."

"Na ombi likishagongwa muhuri haliondolewi."

"Muhuri ni muhuri."

"Ahsante, Mratibu," akasema, akainuka. Nilimpenda sana siku ile. Katika watumishi wote wa kisiwa hiki, huyo ndiye wa kwanza kuusoma waraka wangu mpaka mwisho.

Siku mbili baadaye likaja ombi lake, kurasa mbili, la kumwingiza mshiriki wa thelathini na nane, mdau wa kilimo na mikeka kutoka Baleni. Niliona neno mdau, nikagonga muhuri. Sikulisoma, na sioni aibu kusema hivyo. Karani husoma, mkubwa huidhinisha. Isitoshe nilikuwa nimebanwa na hotuba, kwa sababu Jumatano yake alikuwa anakuja Bi Khairiya, Mtathmini Mkuu wa Ushirikiano kutoka makao makuu, na maneno ya chinichini yalisema kwamba taarifa ikiwa nzuri KIUKIDA kitapandishwa kuwa Kurugenzi. Kurugenzi ina mkurugenzi. Mke wangu alikuwa ameshaanza kulizoea neno hilo mdomoni.

Jumatano ikafika. Salamu za Hati tulizianza saa kumi na mbili asubuhi ili mgeni akute zimekwisha. Bi Khairiya alishuka na boti ya Nyamisati, uso umempauka kwa mawimbi, akakataa maji ya dafu, akaingia darasani, akakaa kiti cha mbele. Ni mtu wa maneno machache. Ukimweleza jambo la dakika kumi, yeye anasema "mm."

Nikampa historia ya Kitengo. Mm. Nikampa takwimu za mistari elfu moja na mia tatu. Mm. Nikamsomea Waraka wa Adabu, kifungu kwa kifungu, taratibu, nikarudia cha pili mara mbili kwa sababu nakipenda. Watoto thelathini walikaa kimya kabisa, midomo imefungwa, kama nilivyowafundisha. Nafasi ya Sihaba kwenye dawati la tatu ilikuwa wazi, nikaiziba kwa globu ya dunia.

"Na somo lenyewe?" akauliza Bi Khairiya.

Nikamwonyesha shuka. Mfano wa Mratibu uling'aa pale juu ndani ya mstari wake wa kijani. Akausoma. Akausoma tena.

"Tisa?"

"Tisa," nikasema.

"Hakuna aliyeisahihisha?"

"Wiki ya nne sasa. Watu thelathini na saba, Mheshimiwa, na wote wamekubaliana. Hiyo ndiyo nguvu ya ushirikiano."

Hakusema mm. Akafungua mdomo aseme kitu kingine, na hapo ndipo herufi zilipoanza kutembea zenyewe kwenye shuka.

"Nabonyeza wapi hapa," zikasema herufi. "Hapa kwenye kinasa sauti. Kishaanza. Nisemeje sasa. Shii, kuku wewe, toka kwenye ukili."

Darasa likatazama. Kuna simu siku hizi, wanaojua wanasema, mtu huzungumza nazo zikaandika kila kitu anachosema, hazichagui. Nikatafuta jina la mwandishi pembeni. Sabra binti Ussi, mdau, Baleni, miaka themanini na mmoja.

Mama yangu mzazi.

Nilikuja kuelezwa baadaye na mwenyewe. Sihaba ni mtoto wa jirani yake. Tangu asimamishwe alikuwa anashinda barazani kwa mama, anamsaidia kusuka ukili. Mama akamuuliza mbona huendi shule, akamwambia nimekataa kuandika tisa. Akamsomea hesabu. Mama akauliza ni mjinga gani aliyeandika hivyo, na Sihaba, kwa adabu zote, akaendelea kusuka. Ni Mwalimu Arafa, aliyekuja jioni hiyo na fomu, ndiye aliyelitaja jina.

"Mudrik," zikaandika herufi. "Mudrik mwanangu, upo hapo. Nimesomewa hesabu yako. Misala mitatu kwa tisa ni ishirini na saba, na yule mama mwenyewe ana vipande ishirini na moja vyote kwa jumla. Hivyo vingine kaiba kwa nani."

Niliruka kwenda kuzima projekta. Bi Khairiya akanyanyua kidole kimoja, nikarudi.

"Tena msala wa vipande tisa hata mlangoni haupiti," mama akaendelea. "Umekulia juu ya misala yangu, umeinyea, hujui una vipande vingapi. Sihaba, pa kufutia ni wapi. Hapa. Bismillahi."

Mfano wa Mratibu ukatoweka. Ilikwenda tisa, ikaenda njia, ukaenda mstari wa kijani, ikaenda saini yangu. Shuka likabaki jeupe kama lilivyotoka kwa mwalimu mkuu.

"Ana ruhusa huyu?" akauliza Bi Khairiya.

Mwalimu Shaabani, ambaye kwa miaka minne sikuwahi kumwona akiwa macho mchana, akainuka na Waraka mkononi. "Kwa umri, amemzidi Mratibu. Kwa ukoo, ni mama wa Mratibu. Ana ruhusa zote mbili." Akaketi, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyekula akashiba.

Nikashika kishikwambi nirudishe maandishi yangu. "Mratibu," akasema Mwalimu Shaabani bila kuinuka, "kifungu cha pili."

"Haya, ifanye upya," mama akaandika. "Polepole. Watu wanakungoja."

Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulimwengu ulikuwa umeshamaliza kunifunza, ukanipa na cheo, na sasa nilikuwa nimerejeshwa kwa mama. Nilisimama mbele ya lile shuka jeupe na nikawa sioni kitu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ishirini na moja nazijua. Sita nazijua. Ila kinachotakiwa kufanywa baina yao kilikuwa kimeniponyoka, na naogopa kusema kiliniponyoka lini.

Nikageukia darasa. Macho ya watoto thelathini yalikuwa yananitazama, na kila kichwa pale kilikuwa na jibu, nililiona limejaa mashavuni. Hakuna aliyefumbua mdomo. Jumanne alikuwa ameuziba wake kwa viganja viwili.

"Mwalimu," nikanong'ona.

Mwalimu Arafa akachukua kishikwambi, akaandika: "Shikamoo Mratibu. Ushirikiano wa mdomo umesitishwa." Hakuandika kwa kunikomoa. Alinitazama kwa huruma, na afadhali angenicheka.

Nikatazama ile globu kwenye dawati la tatu. Katika darasa lile kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeniambia jibu usoni bila kuogopa waraka, kwa sababu alishaniambia zamani, mara mbili, kwa heshima zote. Na mtu huyo nilimfukuza mwenyewe. Nilisikia haya, ndugu zangu. Sikuwahi kusikia haya kazini.

Nikaandika: "Shikamoo mama. Sijui."

"Marahaba," zikajibu herufi. "Sasa hilo ndilo neno. Muulize Sihaba, yuko hapa ubavuni kwangu."

"Amesimamishwa," nikamwambia Bi Khairiya. "Hawezi kuandika."

"Nani amemsimamisha?"

Muhuri hutembea nami popote. Niliandika barua ya kumrejesha Sihaba masomoni palepale, nimesimama, karatasi nimeiegemeza juu ya ile globu, nikagonga. Mwalimu Arafa aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akalifungulia jina la Sihaba kwenye Hati.

Sihaba akaanza kuandika. "Shikamoo Bibi Sabra." Marahaba. "Shikamoo Mratibu." Marahaba. "Shikamoo Mwalimu Mkuu." Marahaba. Akaendelea hivyo, kwa jina, mmoja mmoja, walimu wakaisha, akaingia kwa wanafunzi waliomzidi miezi, akamsubiri kila mmoja aitikie. Hata Jumanne akaamkiwa, kama baba mdogo wa mwalimu wake. Mimi nilisimama muda wote huo na chaki ambayo sijui niliishika ya nini. Boti ya kurudi ilikuwa inawahi maji, Bi Khairiya akatazama saa, akatazama shuka, akamgeukia Mwalimu Shaabani kuuliza kama kuna njia fupi. Mwalimu Shaabani akamwonyesha kifungu cha kwanza.

Baada ya dakika kumi na tisa salamu zikaisha, na Sihaba akaandika: "Sita zimebaki pembeni, ziondoe kwanza. Zinabaki kumi na tano. Gawa kwa misala mitatu. Kila msala una vipande vitano."

Darasa likashusha pumzi kwa pamoja. Mfumo haukuirekodi.

Bi Khairiya akafunga daftari lake. Katika daftari hilo, nilikuja kujua, neno Kurugenzi lilikuwa limekatwa, na penye jina la mratibu palikuwa na mshale mrefu unaoelekea kwenye jina la Mwalimu Arafa.

"Na wewe, Ndugu Mudrik," akasema, "umeelewa?"

"Nimeelewa vizuri kabisa, Mheshimiwa."

"Andika kwenye Hati. Iwe kumbukumbu."

Nikaandika: "Nimeelewa."

Kule Baleni Sihaba akamsomea mama. Kisha herufi zikatoka, bila haraka, mbele ya mtathmini na watoto wote wa Kidato cha Nne.

"Hajaelewa. Namjua mwanangu."